Nilivyoenda kumtafuta bundi kwenye baridi ya digrii 31 chini ya sifuri

Nikiri kitu kwanza. Miaka yote niliyokuwa natazama ndege nilikuwa mtazamaji wa kiangazi tu, unakaa mahali na darubini yako, jua linawaka, ndege wenyewe wanaimba wanajitangaza, kazi yako ni kugeuza shingo. Baridi ikiingia nafunga kila kitu kwenye sanduku mpaka Aprili. Sasa kuna mzee mmoja nafanya naye kazi hapa Minneapolis, Marekani, anatazama ndege tangu sijazaliwa, siku moja ananiambia wewe unaishi Minnesota alafu ndege wakali wa Minnesota hujawahi kuwaona, maana wale wanaonekana Januari na Februari, ukienda Julai utakutana na mbu. Akanitajia Sax-Zim Bog. Nilivyotafuta kwenye ramani nikaona eneo la kijani halina hata mji wa maana, nikamuuliza kuna nini huko, akasema kuna bundi.

Sax-Zim ni kinamasi cha mboji, yaani mimea iliyokufa ikarundikana bila kuoza vizuri, kikubwa aisee, zaidi ya maili 300 za mraba, kiko kaskazini magharibi ya mji wa Duluth, na jina limetokana na vituo viwili vya zamani vya reli, Sax na Zim. Miti mingi ni misonobari ile myeusi, myembamba ajabu, unaweza kukuta mti una unene wa mkono wako kumbe una zaidi ya miaka mia, maana mboji imejaa maji, ni ya baridi na haina rutuba. Kuna enzi watu walichimba mifereji wakitaka kukausha walime, ikashindikana, lakini mifereji ipo mpaka leo kandokando ya barabara. Ikumbuke hiyo mifereji.

Kilichonivuta ni bundi mkubwa wa kijivu, kisayansi anaitwa Strix nebulosa. Wengi wao wako kwenye misitu ya Kanada huko juu, kusini ya hapo ni wachache na wanajificha vizuri, alafu kuna miaka wanashuka wengi kwa mpigo. Mimi nilidhani wanakimbia baridi, kumbe manyoya aliyonayo yule baridi haimsumbui hata kidogo, anashuka panya wakipungua kule kwao. Baridi ya 2004 kuingia 2005 walihesabiwa zaidi ya 5,000 Minnesota peke yake, mzee wa kazini mpaka leo akiisimulia anasimama. Lakini miaka kama hiyo haiji kila mara, miaka ya kawaida unaweza kuzunguka siku mbili usione hata unyoya.

Duluth anakaa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nikaona nilale kwake Ijumaa ili Jumamosi niamkie karibu. Kumwambia sababu ya safari akanyamaza kwenye simu kidogo alafu akasema, "Shem, yaani uendeshe karibu saa tatu kuja kutafuta bundi? Wenzako bundi akija mwenyewe wanamfukuza." Nikamwambia twende wote basi, akasema hawezi kuniacha nikagande peke yangu maana dada yake atamuuliza. Kwa hiyo tukawa wawili, mmoja mpenzi wa ndege na mwingine mlinzi wa mume wa dada yake.

Makosa yangu yalianza kwenye nguo. Nilivaa nyingi, sikatai, lakini ile ya kwanza iliyogusa mwili ilikuwa fulana ya pamba na soksi za pamba. Asubuhi nikakwangua barafu kwenye vioo vya gari kwa nguvu zote, nikatoka jasho kidogo tu, pamba ikalinywa lile jasho ikakaa nalo. Tulipita mji mdogo kwenye barabara ya 53 unaitwa Cotton, yaani Pamba, shem akasoma kibao akacheka, mi wakati huo mgongo umeshaanza kuwa kama nimeegemea friji. Sufu, watu wangu. Sufu au zile nguo za ndani za michezo zinazokauka haraka, na buti iwe kubwa kidogo ili vidole vicheze, nilivaa soksi tatu kwenye buti ya kubana nikidhani nimejikinga kumbe nimeziba damu isipite. Na glavu za vidole vitano ni urembo tu, vaa zile zenye kidole gumba peke yake na vingine vyote vinakaa chumba kimoja vinapeana joto.

Tulifika saa moja kasoro, bado giza, kipimo cha gari kinasoma digrii 24 chini za Farenhaiti, ambazo ni kama 31 chini ya sifuri za Selsiasi. Kwa wenyeji hiyo si habari ya kumpigia mtu simu. Mji wa Tower, ambao hauko mbali kutoka hapo, tarehe 2 Februari 1996 ulishuka mpaka 60 chini za Farenhaiti, na hiyo ndo rekodi ya jimbo zima. Ila mimi nilivyofungua mlango pua zikagandana kwa ndani, unasikia kabisa vinyweleo vimeshikana. Nikainua darubini machoni kwa furaha, nikapumua, kioo kikawa cheupe, nikafuta kwa glavu, ikawa barafu. Ndani ya dakika moja nimeshajifanya kipofu. Siku hizi nikiwa na darubini kwenye baridi kali napumulia pembeni kama mtu anayevuta sigara kwa siri.

Sasa usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kwamba bundi ameonekana jioni kwenye barabara ya McDavitt, na mimi kichwani nikaweka kabisa kwamba yuko McDavitt, kama vile ana namba ya nyumba. Tukaenda. Hakuna kitu, miti na theluji. Tukasubiri dakika kumi, labda nane, nikaona tunachelewa, kuna mtu alimwona wiki iliyopita upande wa Zim, tukakimbilia Zim. Hakuna. Tukaenda barabara ya Arkola. Hakuna. Hivyo hivyo mpaka saa nne na nusu, na kwa sababu nilikuwa naendesha huku naangalia vilele vya miti badala ya barabara, tairi la kulia likashuka kwenye theluji laini na gari likaanza kulala taratibu. Ile mifereji! Theluji inaijaza ikawa sawasawa na barabara, huoni mwisho uko wapi. Shem alishika mlango akasema neno moja tu ambalo siliandiki hapa. Bahati tulikuwa pole pole, nikarudi nyuma gari likapanda. Kuanzia hapo akachukua usukani yeye, na sikuwa na hoja.

Na sehemu kubwa ya ardhi kule ni ya watu binafsi, kwa hiyo unatazama kutokea barabarani, huwezi kuamua tu kuingia msituni na mguu. Nikaanza kuona kwa nini watu wenye uzoefu wanaendesha kama wanasindikiza jeneza.

Saa tano hivi tukakuta magari manne yamepaki kwa mstari, watu wamesimama kimya wote wanaangalia juu. Kwenye ncha kabisa ya mti mkavu kulikuwa na bundi-kipanga. Huyu naye ni adimu, ni bundi ila anaishi kama kipanga, mkia mrefu, anawinda mchana kweupe na anapenda kukaa kileleni kama nyota ya mti wa Krismasi. Moyo ukanipasuka, nikaruka nje ya gari na mlango nikaufunga vile ninavyoufunga siku zote. Paaa! Pale watu wote walikuwa kimya, ule mlango ulisikika mpaka Kanada. Ndege akageuza kichwa mara moja, akaangusha mwili, akapita chini chini juu ya theluji na kupotelea kwenye miti. Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema. Watu walishusha tu darubini taratibu, mmoja akaanza kukunja tripodi, mwingine nadhani alikuwa ndo kwanza anafika. Mimi nimesimama mkono bado uko kwenye mlango. Shem akashusha kioo kidogo akaninong'oneza, "Shem, hapo umeharibu harusi ya watu."

Nilitaka kurudi nyumbani, kwa kweli. Aibu ile nilikuwa nayo mpaka kwenye masikio. Tangu siku hiyo mlango wa gari siufungi, nauegemeza tu, na nikiona magari yamesimama nasimama mbali nazima injini kwanza.

Kilichoniokoa ni sehemu ya kulishia ndege kwenye barabara ya Admiral. Watu wa kule wanapaka siagi ya karanga kwenye magogo na kuna mizoga ya kulungu imetundikwa, ukisikia unaona kama uchinjaji lakini mafuta yale ndo yanaendesha maisha ya ndege wadogo wakati huo. Tulikaa ndani ya gari, hita imezimwa. Kuhusu hita niseme kidogo maana picha zangu zote za asubuhi ziliharibika, hewa ya moto ikitoka dirishani inakutana na baridi, inatetemeka kama barabara ya lami mchana wa jua, na picha inatoka kama imepigwa chini ya maji. Nilidhani lenzi mbovu. Kumbe unatakiwa uzime hita, gari lipoe lilingane na nje, ndo upige. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, na ukirudi kwenye joto acha kamera kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu la sivyo inalowa yote.

Pale kwenye magogo alikuja chikadi, ndege mdogo, mwenye kofia ya kahawia, ambaye ni wa misitu hii ya kaskazini tu na watu wanasafiri mbali kumwona. Ni kadogo kuliko nilivyotegemea. Kalikuwa mita nne hivi kutoka kwangu, kamejifutua manyoya mpaka kawe duara, kanadonoa siagi, kanaruka, kanaenda kuificha kwenye ufa wa gamba la mti, kanarudi. Kila safari sekunde kama ishirini. Binamu yake mwenye kofia nyeusi, ambaye wako wengi kila mahali, ana uzito wa gramu kama 11 na usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake kwa digrii 10 hivi ili akiba ya mafuta imfikishe asubuhi, kwa hiyo kile anachokula mchana ndo tiketi ya kesho. Shem alikuwa hajasema kitu muda mrefu, alafu akauliza, "Kwa hiyo huyu akikosa kula leo?" Nikamwambia ndo basi. Akanyamaza tena. Akaomba darubini.

Alafu akaja ndege anaitwa jei wa Kanada, yule hana adabu wala woga, anakaa karibu na mtu kama anamdai. Anaficha chakula kwa maelfu ya sehemu, anakigandisha kwa mate yake yanayonata, na anaanza kutaga kabla theluji haijaisha. Kwa miongo kadhaa vitabu vilimwita jei wa kijivu, jina lake la Kanada limerudishwa 2018. Mambo ya majina haya yana vituko, mzee wa kazini alihangaika miaka na miaka kumtafuta redipoli mweupe, ndege mdogo anayefanana na redipoli wa kawaida ila amepauka, siku aliyompata alinunulia ofisi nzima donati, kisha 2024 wataalamu wakakaa wakaamua wote ni spishi moja. Listi yake ya ndege aliowahi kuwaona ikapungua mmoja usiku kucha. Nikimtania anasema ndege yeye hajaambiwa.

Saa tisa jua limeshainama, kule Januari linazama kwenye saa kumi na moja hivi. Tukarudi McDavitt kwa kukata tamaa. Tukakuta gari moja tu limezimwa, dirisha nusu wazi, ndani mama mtu mzima amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Tukapaki nyuma yake mbali, nikashuka bila kufunga mlango, nikamfuata kwa heshima nikamuuliza kama ameona kitu. Akasema bado. Nikamwambia sisi tulifika hapa alfajiri tukaondoka maana hakuwepo. Akaniuliza mlikaa muda gani, nikaona aibu kusema dakika nane, nikasema robo saa.

Yule mama hakunifundisha kama mwalimu, aliongea tu huku anaangalia mbele. Akasema taarifa ya jana inakuambia jana kulikuwa na nini, cha kuuliza ni kwa nini alikaa hapa. Akaninyooshea kidole, tazama, hapa msitu unaishia kwenye uwanja wa nyasi, nyasi ndo nyumba ya panya, wanatembea chini ya theluji kwenye njia zao, bundi anataka mti wa kukaa ukingoni alafu uwanja mbele yake. Tazama vile vishimo vidogo kwenye theluji, panya wametoka hapo. Asubuhi kulikuwa na upepo, miti inapiga kelele, yeye anawinda kwa masikio. Sasa hivi umetulia. Nikasikiliza, kweli, nilikuwa hata sijagundua kwamba upepo umeacha. Siku nzima nilikuwa nimemtafuta bundi na sikuwahi kujiuliza bundi mwenyewe anatafuta nini.

Nikarudi kwenye gari. Tukazima kila kitu. Saa nzima. Vidole vya miguu viliuma, alafu vikaacha kuuma, ambapo ndo unatakiwa uogope, nikawa navikunja na kuvikunjua kwenye buti.

Saa kumi na dakika ishirini shem akanigusa goti. Hakusema kitu. Kwenye mti ambao nilikuwa nimeutazama labda mara mia kulikuwa na kitu kama gogo lililovunjika, na lile gogo likageuza uso.

Ni mkubwa jamani. Akifungua mabawa yanakaribia mita moja na nusu, lakini ukimpima ana kilo moja na kidogo, karibu yote unayoiona ni manyoya, kuna bundi wengine wafupi kuliko yeye ambao ni wazito zaidi. Uso ni sahani, duara ndani ya duara kama kisiki kilichokatwa kwa msumeno, macho madogo ya njano, na chini ya mdomo alama nyeupe kama amevaa tai ndogo. Ile sahani inakusanya sauti, na sikio moja liko juu kidogo kuliko jingine, ndo maana anaweza kujua panya yuko wapi chini ya theluji ya karibu nusu mita bila kumwona. Hakutuangalia. Alikuwa anaangalia theluji kama mtu anayesoma.

Akaruka. Hakuna sauti, kabisa, nilikuwa na dirisha wazi. Akaelea juu ya uwanja, akasimama hewani kidogo, akaanguka miguu mbele mpaka kifua kikazama. Akakaa pale mabawa wazi juu ya theluji. Akainuka hana kitu, theluji imemjaa usoni, akapepesa macho. Akarudi mtini. Akajaribu tena upande wa kushoto, akakosa tena.

Wakati huo gari la tatu lilikuwa limeshafika, jamaa ana lenzi kubwa kama bomba la maji, akaweka midomo dirishani akaanza kufyonza hewa kutoa sauti ya panya ili bundi amgeukie apate picha ya macho. Na bundi kweli akageuka, akaacha theluji akamtazama yeye. Yule mama akatoa kichwa, sauti ya chini lakini inafika, akamwambia, "Muache. Yuko kazini." Jamaa akaacha. Kuna watu wanaenda mbali zaidi, wanamrushia bundi panya hai wa dukani ili apige picha anayotaka, na ubishi wake hauishi, mimi upande wangu niliuchagua pale pale. Tulikuwa tumemwona akikosa mara mbili, mwanga unaisha, na mtu anamla dakika zake.

Alijaribu mara ya tatu mbali, karibu na ukingo wa pili, akaanguka nyuma ya nyasi ndefu. Hatukuona kama alipata. Akainuka akapita juu ya mfereji, juu ya barabara mbele ya gari la mama, akaingia msituni na giza likafunga.

Kwenye daftari langu siku hiyo kuna mstari mmoja tu wa jioni, umeandikwa kwa penseli (peni ziliganda zote mbili), unasema "bundi 1, 4:20, mara 3, ?" na mwandiko ni wa mtoto wa chekechea. Njia nzima ya kurudi Duluth shem hakunitania hata mara moja, aliniuliza mara mbili kama nadhani ile ya tatu alipata, nikamwambia sijui.

Jumatatu asubuhi niko kazini nasimulia kwa mzee, simu ikaita mlio wa meseji. Shem. Hata salamu hakuna: "Huko leo kuna upepo?"